Damu ya Sabini na Tano

Jumatatu asubuhi nilipiga pasi shati jeupe la mume wangu, Vinko. Ijumaa meya angewaalika wachangiaji damu wa mji wetu, awashukuru mbele ya watu. Barua niliibandika kwenye friji kwa sumaku yenye umbo la uyoga. Iliandikwa: "Bwana Vinko Hribar, mara 75."

Lakini Vinko alikuwa amechangia mara sabini na nne. Ya sabini na tano angeitoa Jumanne. Waliandika mapema kwa sababu Vinko hakosi.

Sasa shavu lake lilikuwa limevimba. Alhamisi iliyopita aling'olewa jino, na daktari akampa vidonge vya kuua vijidudu, kimoja asubuhi, kimoja jioni.

"Kesho usiende, baba Urška," nikamwambia, kwa jina la binti yetu.

"Nisiende? Barua imeshasema sabini na tano. Ijumaa nitasimama kwa uso gani?"

"Na vidonge je?"

"Vidonge ni vya jino, damu inatoka mkononi. Nyamaza, usinitie nuksi."



Jumanne tulikwenda shuleni, ambako damu ilikuwa ikichangiwa. Vitanda vilipangwa kwenye ukumbi wa mazoezi. Vinko akajaza fomu, mimi nikichungulia begani kwake. Alipofika kwenye swali la dawa, kalamu ilisimama. Kisha akaweka alama: hapana.

Fomu ikapokelewa na muuguzi Mojca, jirani yetu. Akalitazama lile shavu.

"Mjomba Vinko, umeficha tofaa mdomoni?"

"Nimenenepa."

"Upande mmoja tu?"

Foleni nzima ikacheka. Vinko hakucheka. Masikio yalimwiva.

"Jino," akasema polepole. "Bado nameza vidonge."

Mojca hakumgombeza. Alimvutia kiti.

"Sikiliza, mjomba. Damu inazunguka mwili mzima. Dawa imo humo. Huenda na vijidudu vya jino vimo. Wewe una nguvu. Lakini damu hii atawekewa mgonjwa, pengine mama aliyetoka kujifungua. Yeye hana nguvu, na dawa inayokuponya wewe inaweza kumdhuru. Maliza vidonge vyote, kisha ngoja wiki mbili. Ukiwa umepona kabisa, njoo."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa sema kweli."

Rahisi kusema! Siku tatu Vinko alizunguka jikoni kama kuku anayetafuta pa kutagia. "Mji mzima utanicheka," alisema. Shati nikalipiga pasi tena, maana mara alivaa, mara alivua.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Kulikuwa na kahawa na keki ya kokwa za jozi. Meya akasoma: "Vinko Hribar, mara sabini na tano!"

Makofi. Vinko akasimama. Nilimwona akishika kiti cha mbele yake.

"Sabini na nne, mheshimiwa. Jumanne nilirudishwa. Nilikuwa kwenye dawa, na nusura nidanganye."

Nilisikia kijiko kikigonga kisahani. Kisha meya akashuka, akamshika mkono. "Basi asante kwa sabini na nne," akasema. "Na asante kwa hiyo moja uliyoizuia."

Makofi hayajaisha, Ludvik seremala akaja mezani kwetu. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga.

"Vinko, mimi Jumanne nilitoa. Nilikuwa nameza vidonge vya kifua. Sikusema."

Mojca alikuwa karibu. "Karatasi uliyopewa ina namba ya simu. Piga sasa hivi. Hawatakugombeza."

Ludvik akapiga simu pale pale, kwenye vitundikio vya makoti. Akataja jina lake, akataja dawa. Akangoja. Nasi tukangoja. Kahawa yangu ikapoa.

"Bado ipo kwenye jokofu," akasema mwishowe. "Hawajampa mtu. Wanaiondoa."

Vinko akashusha pumzi. Akachukua kipande cha keki, akakitafuna kwa upande usiouma.

Mwezi uliofuata alitoa ya sabini na tano. Nilichungulia tena. Kwenye swali la dawa, kalamu haikusimama.