Nyumba ya Darsait Ina Wenyewe Watatu

"Bi Mahbuba, hebu nambie, nyumba hii ya nani?"

Jirani yake Masouda alimuuliza hivyo asubuhi moja, wanakunywa kahawa. Mahbuba akacheka.

"Ya mwanangu Khattab. Si ndiye mwanamme peke yake?"

Ndivyo walivyozoea kusema pale Darsait, mtaa wa Muscat, tangu mumewe kufariki. Kuzungumza mirathi waliona haya, kama kwamba wanamfukuza marehemu. Hati ikabaki kwa jina lake. Sasa Khattab, anayekaa mbali, Al Khoudh, kapata mnunuzi. Mama ahamie kwake. Mahbuba hakutaka kuhama. Hapa anaijua sauti ya muadhini na kila mlango wa mtaa. Lakini alinyamaza. Mali ya mtu utaizuiaje?

Masouda, aliyestaafu ofisi ya ardhi, akaweka kikombe chini.

"Mumeo alipokuwa hai ilikuwa yake peke yake. Angetaka kuuza, angeuza. Alipofariki ikawa ya shirika, yenu nyote. Wazee wake walishatangulia, deni wala wasia hakuacha. Basi wewe una thumni, fungu moja katika manane. Iliyobaki, Khattab mafungu mawili, binti yako Shatha fungu moja."

"Thumni yangu chumba gani? Jiko?"

"Si chumba, shoga. Kila tofali mnalo nyote, hata ngazi. Mmoja hawezi kuuza nyumba nzima bila ya wenziwe. Anaweza kuuza fungu lake tu, na nyinyi washirika mna haki ya kulinunua kwanza."

"Mwanangu hanidhulumu."

"Sikusema anakudhulumu. Nasema hajui."

Ijumaa Mahbuba akawaeleza watoto. Khattab akainama.

"Mama, mbona hukusema hutaki kuhama?"

"Nlidhani nyumba yako."

"Na mimi nlidhani ni mgeni tu humu," Shatha akasema, wakacheka wote.

Wakaenda mahakamani kuthibitisha warithi, kisha ofisi ya ardhi. Hati mpya ikatoka na majina matatu, na fungu la kila mmoja. Chini wakapangisha, kodi wanagawana kwa mafungu yao. Mahbuba akashukuru Mungu, akabaki juu na roho baridi.

Mnunuzi, jina lake Hatem, hakuwa na habari. Akaja jioni moja, anaupima ukumbi kwa macho.

"Khattab, tumalize?"

"Muulize mama."

Hatem akatabasamu. "Mama ana nini humu?"

"Thumni," Mahbuba akasema, akimmiminia kahawa. "Na siuzi."

"Na mimi langu siuzi," Shatha akadakia.

Hatem akamtazama Khattab. Khattab akamsogezea tende.

Hatem akakitikisa kikombe kuonyesha imetosha, akakiweka, akachukua ufunguo wa gari, akatoka.