Nilisema Mwenyewe

Katikati ya barabara ya maduka, jua la saa sita likiwa utosini, Bi Funguo alikuwa juu ya ngazi bila viatu, akifunga bango la INAPANGISHWA mbele ya jengo la orofa tatu. Upepo wa baharini ulivuta bango upande huu na sketi yake ya bluu upande ule, naye ana mikono miwili tu. Wapita njia waliizunguka ngazi wakinung'unika. Mmoja hakupita. Alirudi nyuma kidogo, akainua uso.

"Limepinda," akasema.

"Kilichopinda ni shingo yako," Bi Funguo akamjibu bila kugeuka.

Alipogeuka alijuta kidogo. Chini pale alisimama mwanamume ndani ya suti ya rangi ya maziwa, na tai juu, katika joto ambalo hata wauza maji walikuwa wamekimbilia kivulini. Akaishika ngazi mpaka yeye akashuka salama. Bango kweli lilikuwa limepinda, lakini hilo Bi Funguo hakulikubali siku ile wala siku nyingine yoyote.

Mtanashati, kama wenzake walivyombandika jina, alikuwa dalali pia, ila wa upande wa pili. Bi Funguo na shangazi yake waliwatafutia wenye majengo wapangaji. Yeye aliwatafutia wapangaji majengo. Pande hizo mbili hukutana mezani, zikachekeana, zikanywa chai, na kila mmoja karata zake kazibana kifuani. Siku hiyo alikuwa na mteja, daktari wa meno aliyetaka mahali pa kufungua kliniki. Na jengo lile, la mjane mmoja mpole, lilikuwa na orofa nzima tupu.

Dalali anayeijua kazi humtangulia mteja wake. Hufungua madirisha ili harufu ya kufungiwa itoke, huacha mabomba yatiririke mpaka maji ya kutu yaishe, huwasha taa zote aone ipi imekufa, halafu huwafagia mende. Ni kazi ya mtu mmoja. Mtanashati alijialika, akaja tena, na safari ya tatu hakuna aliyeuliza kilichomleta. Wapenzi wengine hupelekana mahotelini. Hawa walipendana kwenye maghala na maduka yaliyohamwa, wamekaa juu ya magazeti, wakila karanga na kusubiri maji yawe meupe. Koti lake Mtanashati alilitundika kwenye msumari kwa adabu, kana kwamba ni la mtu mwingine.

Mchezo wao ulikuwa kupanga nyumba isiyokuwepo. Kila chumba kitupu walikigawa: jikoni hapa, kitanda pale, mama mkwe mbali kabisa.

"Mke wangu atataka sebule kubwa," Mtanashati alisema mchana mmoja, orofani kwa mjane.

"Mkeo yupi?"

"Bado tunajadiliana. Ana msimamo mkali."

Bi Funguo alicheka mpaka akaegemea bega lake. Mtanashati akagonga ukuta uliotenganisha vyumba viwili. "Huu ndio unaoniudhi. Usingekuwepo, tungeweka meza ya ukoo mzima."

"Vunja tu, mpenzi. Mwenyewe kesharuhusu."

Maneno yalitoka hivyo, mepesi, wala hakusikia yalivyotoka. Kumbe ile ndiyo siri kubwa ya mjane. Alikuwa amemnong'oneza yeye na Shangazi tu kwamba ukuta ule angekubali uvunjwe, lakini kwa mpangaji atakayetia saini mkataba wa miaka mingi. Mjane alichoka kubadilisha wapangaji. Alitaka mmoja wa kuzeeka naye. Ukuta ulikuwa karata yake ya mwisho, na Bi Funguo aliitupa chini akiwa anacheka.

Siku ya mazungumzo, daktari wa meno hakungoja hata chai ipoe. Akasema ukuta anajua utavunjwa, kwa hiyo hilo lisiwapotezee wakati, na mkataba anautaka wa mwaka mmoja. Mjane akageuza shingo polepole, akamtazama Bi Funguo. Shangazi akaweka kikombe chini. Kikao kikavunjika bila kupatana.

Jioni simu ya Bi Funguo kwa Mtanashati ilikuwa ya moto.

"Ulimwambia daktari habari ya ukuta?"

"Nilimwambia. Si uliniambia wewe?"

"Nilimwambia mpenzi wangu. Sikumwambia dalali."

"Mpenzi, sikiliza. Ulilisema kwa raha zako, nikajua liko wazi kwa kila mteja. Ningejua ni siri, ningelimeza."

"Kwa hiyo kila ninachokisema kwa raha zangu unakipeleka sokoni."

Akakata. Alilia kwanza kwa hasira, kisha kwa mapenzi, na hayo ya pili yalimuumiza zaidi. Simu ililia tena na tena chini ya mto, naye akaiacha ilie.

Asubuhi Shangazi alimwita ofisini. Huyu ndiye aliyemfundisha kazi tangu alipotoka shule, mwanamke mnene wa sauti ndogo, ambaye madalali wote wa mji walimwinukia akiingia. Mjane alikuwa ameketi kando yake. Mtanashati alikuwa amesimama mlangoni, tai imelegea.

"Kijana amekuja mwenyewe kukiri," Shangazi akaanza. Akaeleza kuwa, kwa maneno ya kijana mwenyewe, alimfuata Bi Funguo makusudi, akamtongoza, akamchimba leo kidogo na kesho kidogo, mpaka siri ikamtoka bila kujua. Alichostahili ni kwamba kuanzia leo dalali yeyote mjini asimfungulie mlango. "Wewe mwanangu huna kosa, umeponzwa. Sema ndivyo ilivyokuwa, tuendelee na kazi."

 Kwa kitambo Bi Funguo aliamini. Kisha akajiuliza alichimbwa lini. Katika vyumba vyote vile, mwanamume huyu swali lake lilikuwa moja tu, kama amekula. Basi alikuwa anadanganya, tena anajichongea kaburi la kazi yake, ili yeye apone. Mwingine angeyeyuka. Bi Funguo alikasirika mpaka masikio yakawaka.

"Hakuniuliza kitu," akasema.

"Nyamaza, nakuomba," Mtanashati akanong'ona.

"Sinyamazi. Shangazi, nilisema mwenyewe, kwa mdomo wangu na akili zangu timamu. Nilikuwa na furaha, nikasahau niko kazini." Akamgeukia mpenzi wake. "Na wewe unanifanya mjinga ili nionekane sina hatia. Afadhali hatia yangu."

Mjane akamgeukia. "Umeniuza kwa kicheko, binti yangu."

"Ndiyo, Mama. Nimekukosea." Hakuongeza sababu, maana sababu haikuwepo.

Shangazi akasema kwa sauti yake ile ndogo kwamba akishikilia maneno hayo, ofisi ile haina kiti chake. Bi Funguo akafungua kishikizo kiunoni, akauweka mtungo mzima wa funguo mezani, akatoka. Nyonga ilikuwa nyepesi.

Mtanashati alimfikia kwenye kituo cha teksi, anahema, koti mkononi.

"Nilikuwa nimeshakuokoa," akalalamika.

"Uliniokoa na nini? Na jina langu? Nimelijenga kwa kusema kweli, bwana. Ukinipenda, nipende na makosa yangu, usiyabebe wewe."

Mtanashati akainamisha kichwa. Akakiri kuwa aliogopa. Alipoona simu haipokelewi, alidhani kilichobaki cha kumfanyia ni kulibeba kosa lake. Akaomba msamaha pale pale, madereva wakisikiliza bila aibu. "Nioe basi," akasema, akajichanganya, akarekebisha: "Nikuoe. Bila kiti ofisini, bila jengo hata moja mkononi."

"Nimekubali. Lakini siku nyingine ukitaka kunisemea, uniulize kwanza."

Simu ikalia. Shangazi. Alimwambia arudi achukue funguo zake, hasira zimepita, ila huyo kijana asionekane tena.

"Basi kaa nazo, Shangazi. Nitafungua meza yangu. Na huyo kijana ananioa."

 Bi Funguo alisikia feni ya ofisini ikizunguka, na mtu akivuta kamasi taratibu.

"Mwambie aje Jumamosi na wazee wake," Shangazi akasema hatimaye. "Nitajadiliana naye mimi. Na wewe usiwepo, maana kwako siri hazikai."

"Nitakuwepo, Shangazi," Bi Funguo akasema. "Nitakaa katikati ya meza. Jambo langu halizungumzwi mimi nikiwa nje ya mlango."