Kikombe cha Chumba Namba Tisa

Kila Jumamosi Corinne aliamka saa kumi na mbili asubuhi, akapanda gari la mama yake kwenda chuoni. Zamani alibaki kwa bibi. Bibi alifariki mwezi wa pili, na tangu hapo hakukuwa na mtu wa kumwachia. Watu walimuuliza kama ana huzuni. Alijibu hapana, na hakudanganya. Hakuhisi kitu. Alikula mkate wenye siagi ya karanga bila kujua una ladha gani.

Mama yake, Darla Wasik, alifua mashuka ya hospitali siku tano za wiki, na siku zilizobaki alisomea haki jinai katika chuo cha mji wao, Erie. Alitaka kuwa polisi. Ulibaki mtihani mmoja wa vitendo: kuchunguza chumba kilichoingiwa na mwizi. Akiufeli, angerudia mwaka mzima.

"Kaa kwenye benchi hili," Mama alisema walipofika ukumbini siku ya mtihani. "Choo kiko kushoto. Usiguse chochote."

Mama alipokwenda kuchukua karatasi, Corinne aliona mlango wa chumba namba tisa uko wazi. Ndani, Mwalimu Petrosky, polisi mstaafu, alikuwa amepanga wizi wa kuigiza: dirisha wazi, droo zimemwagwa, kikombe cha kahawa ukingoni mwa meza. Bibi hakuvumilia kikombe ukingoni. Corinne aliingia, akakisogeza katikati, akarudi kukaa. Mkono ulifanya wenyewe.

Wanafunzi waliitwa mmoja mmoja. Kila aliyeingia aliandika jina na saa katika daftari la mlangoni. Mama alikuwa wa kwanza.

"Dada Darla, tuachie ushahidi kidogo na sisi," alitania Duane, kijana wa darasa lake.

"Wewe utaukanyaga tu," Mama akajibu, akaingia.

Baada ya nusu saa Mwalimu Petrosky alikuwa amesimama ukumbini na ripoti ya Mama mkononi.

"Umeandika kwamba kikombe kimesogezwa. Doa la duara la kahawa liko ukingoni, kikombe kiko katikati."

"Ndivyo nilivyokuta, Mwalimu."

"Mimi nilikiweka ukingoni. Picha yangu hii hapa. Na daftari linasema hakuna aliyeingia kabla yako. Kwa hiyo umekigusa wewe, halafu ukatunga maelezo. Mtu wa namna hiyo simpitishi."

Mama alianza kurudisha kalamu zake mfukoni, moja baada ya nyingine.

Corinne aliwatazama kama watu walio nyuma ya kioo. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Hakuna aliyekuwa anamwangalia. Mama alipofika kwenye kalamu ya mwisho, Corinne akasimama.

"Ni mimi niliyekisogeza."

Mwalimu aligeuka. "Saa ngapi?"

"Saa tatu kasoro dakika kumi."

"Kwa nini?"

"Kingeanguka."

"Basi mwizi kapatikana," alisema Duane. "Mwalimu, tuchane huu ukurasa tuanze upya."

"Hatuchani," alisema Mwalimu. Alimpa Corinne daftari. "Andika jina lako chini ya la mwisho. Weka saa uliyoingia kweli, kisha sababu ya kuchelewa kuandika."

Corinne aliandika: *Niliogopa kusema.* Alipomaliza, Mwalimu akachukua kalamu, akaandika chini yake kwamba yeye mwenyewe aliacha mlango bila mlinzi. Akatia sahihi.

"Darla, ripoti yako ni sahihi. Umefaulu. Ila nimekukata alama tano kwa kumwacha mtoto karibu na chumba cha uchunguzi."

"Ni haki," Mama alisema.

Ndani ya gari, Mama hakuwasha injini mara moja.

"Ulikaa kimya kwa muda gani?"

"Mpaka kalamu ya mwisho."

"Kalamu nne. Nilizihesabu. Sikiliza, Corinne. Kugusa kikombe ni jambo dogo, lakini kwa muda wote ule ulionyamaza, kosa lako nililibeba mimi. Ukikosea, sema hapo hapo, hata kama hakuna anayekuuliza. Umenielewa?"

"Ndiyo, Mama."

"Bibi yako naye angekisogeza."

Vidole vya Corinne vilikuwa vya baridi. Aligundua kuwa ni vya baridi, akavipenyeza chini ya mkono wa Mama, akaviacha hapo.