Mlango wa Kituo cha Veksli

Benchi lilikuwa limelowa upande mmoja tu, ule wa karibu na mlango, kwa upana wa mtu mmoja aliyekaa. Teklia aliligusa, akaurudisha mkono upesi. Maji yalikuwa baridi ya kuuma vidole, na ilikuwa katikati ya Agosti, wiki ya tano bila mvua, ngano imekauka mashambani hadi ikipigwa na upepo inasikika kama karatasi.

"Paa linavuja," alisema Nestor, mumewe, bila kuinua uso kutoka kwenye sahani.

"Linavuja nini? Jasho lako?"

"Basi mama kamwaga chai."

Mama yake Nestor, Paraska, alikuwa akimenya viazi karibu na dirisha. Alilitazama benchi kwa muda, kisha akaendelea kumenya kiazi ambacho hakikuwa na ganda tena.

Nyumba yenyewe ndiyo iliyokuwa kituo cha treni. Reli ilipokifunga Veksli mwaka 1962, Nestor alilinunua jengo, akalipandisha juu ya magogo, na matrekta mawili yakaliburuta juu ya theluji hadi shambani: benchi, dirisha la tiketi, mlango na kishikio chake cha shaba, vyote. Chumba cha abiria kikawa jiko. Vyumba vya kulala viliongezwa nyuma. Kwa miaka tisa waliishi humo, wakala, wakagombana na kupatana kama watu wengine.

Mwaka huo wilaya ilikuwa inaandaa kitabu cha kumbukumbu, na Teklia, kwa kuwa alimaliza shule, akapewa kazi ya kuandika historia ya kituo. Aliandika kwamba kilijengwa 1911. Kwamba treni haikusimama Veksli mpaka mtu atundike bendera ya kijani na nyeupe kwenye mlingoti. Kwamba makopo ya krimu yalipakiwa hapo kwenda mjini, na vijana walipanda hapo kwenda vitani. Kwamba Paraska, mjane mwenye watoto watatu, alikuwa mtunzaji wake kwa miaka ishirini na sita: yeye ndiye aliyewasha jiko la makaa saa moja kabla ya treni, akafungua mlango, akatoa bendera.

Mwishoni aliweka kisa cha kuchekesha, maana kila ukurasa ulihitaji kimoja. Kilijulikana na wote. Mwaka 1937 mwalimu Alma Pruett, msichana Mwingereza aliyekuja kufundisha, aliganda kwa baridi hadi kufa nje ya kituo, na mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Hakujaribu hata kuzungusha kishikio. Mpaka leo mtoto akihangaika na mlango huambiwa, "Wewe nawe, mwalimu Pruett!"

Kesho yake ndipo benchi lilipolowa.

Siku ya pili ilikuja harufu. Ilikuwa moshi wa makaa ya mawe, na ndani yake sufu iliyolowa, kama koti lililotundikwa karibu na moto. Jiko la nyumba hiyo lilikuwa la gesi. Teklia alifungua madirisha yote, akachungulia hata chini ya sakafu. Harufu ilikaa kama robo saa, kisha ikaondoka ghafla, kama mtu aliyechoka kungoja.

Siku ya tatu Nestor alikuwa shambani na mashine ya kuvunia. Wanawake wawili walikuwa mezani, jua limejaa chumbani, saa ya ukutani inasema saa kumi na dakika tano, na kishikio cha mlango kikazunguka. Kilizunguka taratibu, kikarudi, kikazunguka tena, kama anavyofanya mgeni mwenye adabu asiyetaka kusumbua, na Teklia akasema karibu, kisha akainuka, na kupitia kioo cha mlango aliona uwanja mtupu, kuku, kamba ya nguo, barabara isiyo na vumbi la gari, huku shaba ikiendelea kuzunguka mbele ya tumbo lake, sasa kwa haraka zaidi, sasa kwa mikono miwili, mlango mzima ukitetemeka kwenye bawaba ingawa haukuwa umefungwa kwa ufunguo na mtoto mdogo angeweza kuusukuma, na juu ya shaba hiyo, katika joto lile la mavuno, ukungu mweupe wa barafu ukaanza kuota kutoka katikati kwenda pembeni, mpaka saa ilipofika kumi na dakika kumi, na vyote vikakoma.

"Mama," alinong'ona Teklia. "Umeona?"

"Nimeona."

"Ni nini?"

"Funga mdomo, mwanangu. Funga mdomo tu."

Jioni Nestor aliambiwa. Alicheka, akajaribu kishikio, akaacha kucheka: ngozi ya kidole gumba ilibaki kwenye shaba.

Jumamosi wakamleta bibi Yavdokha, yule anayemwaga nta majini ili kumtoa mtu hofu. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kiume, aliyekuja na sufuria yake mwenyewe kwa kuwa hakuamini sufuria za watu.

"Nani aliyeshtuka zaidi?" aliuliza.

"Mimi," alisema Teklia.

Yavdokha alimtazama, akamtazama Paraska. "Wewe umeogopa. Yeye hakushtuka hata kidogo. Paraska, njoo ukae."

Alimkalisha, akashika bakuli la maji baridi juu ya kichwa chake, akasali kwa mnong'ono, akamwaga nta iliyoyeyuka. Ikaganda laini kama mkate. Akamwaga mara ya pili, laini vilevile. Mara ya tatu nta ilipasuka majini kwa mlio, na alipoigeuza, upande wa chini ulikuwa na vidole vitano vilivyokunjwa, kama vimeshika kitu cha mviringo.

Yavdokha aliifunika kwa kitambaa. Sauti yake ilipungua.

"Hofu ningeitoa. Nimetoa hofu za mbwa, za radi, za waume. Hii haimo ndani yako, dada, inakujia kutoka nje. Mkono wa nani huu?"

"Sijui."

"Sitakuuliza mara ya pili. Nitabeba sufuria yangu niende, nawe utabaki naye."

Paraska alifuta nta kwenye nywele zake, kipande kwa kipande, akavipanga mezani.

"Ilikuwa tarehe sita Januari," alisema. "Mkesha wa Krismasi yetu, ya kalenda ya zamani. Kwa reli ilikuwa siku ya kawaida. Nikasema, nani atasafiri leo? Watu wetu wote wako nyumbani. Nina vyakula kumi na viwili vya kupika, watoto hawajala tangu asubuhi. Sikwenda kufungua."

"Na yeye?" aliuliza Teklia.

"Watoto hawakwenda shule siku hiyo, basi akaona aende mjini. Nilikuwa dirishani nangoja nyota ya kwanza ili tuanze kula. Nikamwona anapita kando ya reli na sanduku. Nilimwona, Teklia. Nikasema, akikuta pamefungwa atakuja nyumbani kwetu, ni hatua mia nne tu. Nikaita watoto mezani. Kisha ukaja upepo, na theluji ikafuta kila kitu, sikuona hata ghala. Nikasikia treni inapiga honi, inapita. Bendera ilikuwa ndani. Angeisimamisha treni kwa kitu gani?"

Teklia alisogeza bakuli la nta pembeni.

"Tulikuwa tumeweka sahani moja ya ziada, kama tunavyoweka, kwa ajili ya roho za wafu na wageni wa njiani. Nilikula nikiitazama. Nikajiambia amerudi shuleni. Alfajiri nikaenda. Alikuwa ameketi, mgongo kwenye mlango. Nikaufungua kwa ufunguo, kimya kimya, ndipo nikaenda kuita wanaume. Polisi aliponiuliza nikasema ulikuwa wazi tangu mchana." Alivuta pumzi. "Wangenifukuza kazi. Nilikuwa na watoto watatu. Lakini sikujua kwamba watamcheka. Miaka thelathini na minne wanamcheka, nami nacheka nao."

Nestor alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha chumba cha nyuma. Alikuwa mmoja wa watoto hao watatu.

"Tutafuta kile kisa," alisema. "Kitabu kitatoka bila yeye. Imekwisha."

"Hujamsikia anavyozungusha?" Paraska alimwambia. "Hataki kufutwa. Anasema: nilijaribu kufungua."

"Mama, ni kijiji kizima! Utakaaje kanisani?"

"Nitakaa nyuma. Teklia, chukua kalamu. Andika: mlango ulikuwa umefungwa. Andika: ufunguo ulikuwa kwangu."

Teklia aliandika. Alipofika mwisho, Paraska akaweka sahihi.

Jumapili, baada ya ibada, kamati ya kitabu ilikaa kwenye ukumbi wa parokia, na watu wakabaki kunywa kahawa kama kawaida. Paraska hakumwachia mtu kusoma. Alisimama na karatasi, mitandio na kofia vikamgeukia, akasoma yote kwa sauti ya mtu anayehesabu hatua gizani. Alipomaliza alingoja. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa amejiandaa hata kwa mate.

Mzee Havrylo Demkiw, aliyekisimulia kisa kile vizuri kuliko wote, aliyejua kuigiza hata Kiingereza cha marehemu, alikuwa akikoroga kahawa isiyo na sukari.

"Kaa chini, Paraska," alisema. "Tulijua."

"Mlijua nini?"

"Tulikuwa wanne tuliomwinua. Viganja vyake havikuwa na ngozi. Ngozi ilikuwa kwenye shaba." Aliweka kijiko mezani kwa uangalifu. "Mimi ndiye niliyeikwangua, kabla polisi hajafika. Wewe ulikuwa mtu wetu. Yeye hakuwa na mtu hapa. Kile kisa tulikitunga njiani, tukirudi, ili tusizungumze lingine."

Wengine watatu walikuwa ukumbini. Hakuna aliyemkanusha, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Paraska alikaa. Kwa miaka yote hiyo aliamini kwamba angalau aliibeba siri hiyo peke yake.

Ukurasa ulichapwa kama alivyoutia sahihi. Nyumba ya Nestor ilitulia tangu Jumapili hiyo, benchi likakauka, na Teklia akaweza tena kukaa jikoni peke yake alasiri.

Jumanne bibi Yavdokha alitoka kumwaga maji machafu, akamkuta Havrylo Demkiw uwanjani, kofia mkononi, kidole gumba kimefungwa kitambaa. Hakutaka kuingia ndani, wala kukaa. Alisema tu kwamba nyumbani kwake kuna mtu mlangoni, tangu jana saa kumi, na mkewe hataki tena kurudi.

"Ngojeni kidogo niwashe moto," alisema Yavdokha, maana nyuma ya gari la Havrylo, kwenye barabara ya vumbi, magari mengine matatu yalikuwa yamesimama, na ndani ya kila moja mzee mmoja, akitazama mbele.