Nani Anachomoa Waya wa Betri Yangu?

Wajukuu zangu wa humu mtandaoni, someni polepole. Bibi yenu naandika kwa kidole kimoja.

Boneti ya gari langu ilifunguliwa nikiwa ndani...

Nilikuwa nimejikunja kiti cha nyuma, blanketi hadi puani. Jua linazama, baridi imeshaanza kung'ata masikio. Uso wa mtu sikuuona, kwa sababu boneti ilikuwa imesimama mbele ya kioo kama mlango. Nilisikia tu spana ikigusa chuma... kri, kri... taratibu, kama mtu anayefanya jambo lake halali.

Moyoni nikasema, mwanangu, kumbe kweli ni wewe.

Ngoja niwarudishe nyuma, mjue kwa nini mtu mzima kama mimi najificha garini.

Mume wangu alikuwa dereva wa malori. Sasa hivi yupo, lakini hayupo. Ugonjwa wa kusahau ulianza na majina ya majirani, ukaja kwa watoto, ukaishia kwangu. Ananiita "dada". Nikimpa chai anasema "asante dada", kama mteja mgahawani. Kutwa tunakaa sebule moja, yeye kwenye kochi, mimi kwenye kiti changu cha mbao chenye mto wa maua, na kinachoongea ni saa ya ukutani.

Isipokuwa garini.

Gari letu ni kuukuu. Rangi imepauka mpaka huwezi kujua lilikuwa la kijani au la kijivu, na boneti haina loki, unaifungua kwa nje. Lakini kila asubuhi nikimkalisha kiti cha mbele, nikavuta choki, injini ikaanza kunguruma, mume wangu anafungua mdomo.

"Lipashe moto kwanza. Usilikimbize."

"Gia imelia hiyo. Kanyaga klachi mpaka chini."

Tunazunguka mtaa wetu na kurudi, ananigombeza njia nzima. Wajukuu zangu, huko kugombezwa nilikuwa nakusubiri kuliko chakula.

Msimu wa baridi ulipoingia, akaja kitinda mimba wangu, yuko likizo.

"Mama, hili gari tuliuze. Nimepata mtu, atakuja Jumamosi kuliangalia."

"Mimi nimekwambia nauza?"

"Likikuzimikia barabarani na baba yumo, utafanyaje?"

"Halijawahi kunizimikia."

"Haya. Likikataa kuwaka nikiwa hapa, linaondoka."

Nikacheka. Nikamwambia sawa.

Kesho yake likakataa.

Nilizungusha ufunguo, kimya. Nikajaribu taa, hazipo. Honi, haipo. Baba wa watu pembeni yangu, mikono magotini, anatazama mbele, akisubiri mngurumo ambao hauji. Hakusema hata neno moja. Siku hiyo nyumba yetu ilikuwa kimya tangu asubuhi mpaka tunalala.

"Betri imekufa kwa baridi, mama," mwanangu akasema. Yeye kazi yake ni kompyuta. Boneti anaifungua kama anafungua mlango wa choo chenye mtu.

Nikamwita fundi wetu wa siku zote, tunamwita Kofia kwa sababu hakuna aliyewahi kuona nywele zake. Akainua boneti, akainama, akaniita.

"Bibi, njoo uone maajabu."

Waya wa betri ulikuwa umefunguliwa na kulazwa pembeni. Chini yake kuna kitambaa kimekunjwa vizuri, pembe nne.

"Umetoka wenyewe?" nikauliza.

"Ukajitandikia na kitambaa? Mwizi angebeba betri, bibi. Huyu ni mtu wa humu ndani."

Akaufunga waya. Gari likawaka.

"Siku za joto linasumbua?"

"Wala. Linawaka kama kibiriti."

"Basi huyo mjanja. Anachagua siku za baridi ili lawama iangukie baridi."

Humu ndani tuko watatu. Mmoja ni mimi. Mwingine kijiko tu anasahau kinaelekea wapi. Na wa tatu kila jioni anatoka kwenda kuongea na simu... pale pale karibu na gari.

Asubuhi iliyofuata, kimya tena.

"Mara ya pili hii, mama."

Nikaenda kuurudisha waya mwenyewe, kama nilivyomwona Kofia. Nikamwekea chakula mezani bila kumtazama usoni. Niliwaza, nimembeba mgongoni huyu, nimemuuguza surua, leo ananichomolea waya ili anikoseshe sauti moja niliyobakiwa nayo.

Ndiyo maana Ijumaa jioni mlinikuta kiti cha nyuma na blanketi.

Spana ikanyamaza. Nikasukuma mlango, nikatoka, maneno ya kumliza nimeshayapanga mdomoni.

Yakaishia hapo hapo.

Alikuwa mume wangu.

Pekupeku kwenye sakafu ya saruji. Amevaa koti lake la udereva, lile ambalo hakubali kulivua hata nimbembeleze vipi. Kumbe spana ilikuwa inaishi mfukoni humo.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

Wala hakushtuka. "Nachomoa waya. Baridi kama hii, betri ikilala na waya inakufa. Asubuhi haliwaki."

"Na asubuhi nani anaurudisha?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza swali la kitoto.

"Mimi. Naamka kabla yake. Mama watoto akitoka anakuta gari tayari. Hapendi kuchelewa kazini, yule."

Wajukuu zangu... Mimi nilikuwa mpishi wa shule. Miaka yote ile nilikuwa natoka alfajiri, baridi ya kupasua midomo, nagusa ufunguo mara moja tu gari linawaka. Nilikuwa najisifu kwa wenzangu jikoni kwamba nina gari zuri. Hakuwahi kuniambia kwamba ametangulia nje.

Kazi ya jioni bado anaikumbuka. Ya asubuhi ndiyo imempotea.

"Dada," akaninong'oneza, "usimwambie nimetoka bila viatu. Ana maneno yule."

"Simwambii."

"Anagomba, lakini..." Akatafuta neno, hakulipata. Akakunja kitambaa chake pembe nne, akatandika chini ya waya.

Nilisimama pale namwonea wivu mama watoto.

Nyuma yangu nikasikia mtu anavuta pumzi. Mwanangu, simu mkononi, imekatwa. Akavua ndala zake, akapiga goti, akamvalisha baba yake mguu mmoja mmoja.

"Mama, ulidhani ni mimi?"

"Ndiyo."

"Ndiyo maana hunitazami?"

"Ndiyo, mwanangu. Nisamehe. Ningekuuliza tu."

Jumamosi mnunuzi akaja. Nikageuza ufunguo, gari likawaka. Kutoka kiti cha mbele sauti ikasema, "Lipashe moto kwanza."

Mwanangu akamwambia mgeni, "Samahani sana kaka. Hili lina mwenyewe."

Funzo langu ni fupi. Ukimshuku mtu wako, muulize siku hiyo hiyo, usimlaze na njaa ya maneno. Na kama kuna kitu nyumbani kwako kinakwenda bila taabu kila siku, chunguza nani anaamka kabla yako. Mshukuru angali anakujua jina.

Siku hizi naamka mimi kwanza. Narudisha waya, nakaza, nanawa mikono isinuke grisi, ndipo namwamsha.

Anapanda. Nagusa ufunguo mara moja, gari linawaka. Anatikisa kichwa polepole, ameridhika, kama mtu aliyeifanya kazi yake vizuri.

Simwambii.