Daraja la Mabwana

Pakiti ya ndagala, dagaa wakavu wa kwao, ilibaki moja tu rafuni, na mikono miwili iliishika pamoja. Ilikuwa Merrylands, duka la Waafrika, Ijumaa jioni, watu wamebanana. Moïse alitoka moja kwa moja ghalani Wetherill Park, kizibao cha kung'aa bado kifuani. Emérance alivaa sare ya bluu ya nyumba ya wazee, kichwani kitambaa chekundu cha kitenge, macho makali.

"Achia, kaka."

"Nimetoka mbali, dada."

"Mbali wapi?"

"Doonside."

"Basi rudi Doonside na njaa yako."

Akalipa, akaondoka nayo. Moïse alimfuata hadi kituo cha treni akimwomba nusu, akakosa ndagala, akapata namba ya simu. Mwaka mzima walipendana kwa namna hiyo hiyo ya kugombana. Moïse alimwita mwizi wa ndagala, naye akaitwa bwana foklifti, kwa mashine ya kunyanyulia mizigo aliyoendesha ghalani. Hatimaye siku ya kujitambulisha ikapangwa: Jumamosi ya pili ya Julai, nyumbani kwa tonton Ephraim, mjomba aliyemlea Emérance. Fidèle, kaka mkubwa wa Moïse, angekuja na mkewe kwa gari toka Melbourne.

Ndipo wakubwa wakaingia. Wakubwa hawawezi kupanga jambo lao bila kuvunja la mtu mdogo. Pale kazini kwa Emérance aliishi bibi mmoja, Cheryl, mwenye miaka themanini na saba, mzaliwa wa Uingereza. Baba yake aliajiriwa kung'oa magugu majini, kwenye nyumba ya mabwana huko mashambani. Ni nyumba ya mawe ya zamani sana, imezungukwa na mtaro wa maji mpana kama mto, na ina madaraja mawili: la mbele la wenye nyumba, la nyuma la watumishi. Cheryl alitaka kuiona kabla hajafa, na hakukubali kushikwa na mtu mwingine yeyote isipokuwa Emérance. Meneja, Jacky, hakuuliza kama Emérance ana shughuli zake. Alimwambia achague: asafiri naye wiki mbili hizo hizo za Julai, au zamu zake apewe mwingine.

Emérance akakubali. Alimwambia mjomba kwanza, huku akitafuta namna ya kumwambia Moïse taratibu. Mjomba hakuwa na taratibu yoyote. Moïse aliusoma ujumbe wa mjomba akiwa juu ya foklifti, akapiga simu papo hapo.

"Kwa hiyo mimi ndiye wa mwisho kujua."

"Chéri, leo nilikuwa nakuja kukueleza."

"Usiniite chéri. Siku yetu umempa bibi wa kizungu."

"Kainyakua Jacky. Ningekataa, kesho sina kazi."

Moïse alikuwa ametukanwa na msimamizi wake asubuhi ile, akanyamaza. Sasa hakunyamaza.

"Huyo bibi unamwogesha, unampandisha ndege. Mama yako mzazi amekufa kambini, hukumshika hata mkono."

Emérance akakata simu. Miaka minne alijaza fomu za kumleta mama yake toka kambi ya wakimbizi, na wenye ofisi ya uhamiaji wakaikalia faili mpaka mama akazikwa na majirani. Moïse alijua yote hayo. Ndiyo maana alilichagua neno hilo.

Siku kumi na moja Emérance hakupokea simu ya Moïse. Jumbe zake za sauti alizifuta bila kuzisikiliza. Moïse angeweza kuiahirisha shughuli, lakini Fidèle alikuwa ameshaomba ruhusa kazini, na kuahirisha kungemlazimu aeleze alichosema. Aliona aibu. Tonton Ephraim akaamua kwamba msichana ataulizwa kwa simu. Desturi yenyewe ni hiyo: binti huulizwa mbele ya watu kama anawajua wageni. Akisema hawajui, wageni hubeba vitu vyao wakarudi walikotoka.

Merrylands ilikuwa saa moja jioni, kule Uingereza alikokuwa Emérance saa nne asubuhi. Sebuleni watu walipangwa kwa ukoo, Moïse katikati ya wake, suti ya kijivu ikimbana mabegani. Ephraim aliunganisha simu na televisheni.

Picha ilikuja ikicheza. Mwanamke mwenye beji alikuwa amewazuia Emérance na Cheryl kwenye daraja la mbele, akisema kiti cha magurudumu cha bibi kipite nyuma, mbele kuna ngazi na sheria ni sheria. Cheryl alimjibu kwamba nyuma alipita utoto wake wote. Emérance akapiga magoti, akambeba mgongoni kama mtoto, simu akamwachia mkononi. Kuanzia hapo ukoo mzima uliona sikio la Emérance, gauni lake la njano, na maji yenye bata chini yao.

"Binti yangu," Ephraim alisema, "kuna wageni hapa. Mmoja anaitwa Moïse. Unamjua?"

Emérance alihema, akapanda ngazi moja.

"Simjui, tonton."

Mke wa Fidèle akaweka chini soda yake. Fidèle akasema hakuendesha gari siku nzima kuja kuchezewa. Ephraim akamtuliza, akamwuliza binti ana maana gani.

"Niliyemjua mimi asingemtukana mama yangu. Huyo aliyemtukana simjui."

Macho yote yakamgeukia Moïse. Siku hiyo muoaji hafungui mdomo, husemewa. Moïse akasimama. Fidèle akamvuta koti, naye akalinasua.

"Emérance. Nilijua ni ofisi iliyokuzuia kwa mama. Nilisema vile ili uumie."

"Sema kwa sauti, wazee wasikie."

"Nilisema hukumshika mama yako mkono. Jacky ndiye aliyetunyang'anya siku yetu, na Jacky sikuweza kumfikia. Nikakupiga wewe kwa sababu wewe ulikuwa karibu. Nisamehe. Na kama hunijui, nitawapakia ndugu zangu vitu vyao mimi mwenyewe."

Picha iliyumba: ngazi, mawe ya daraja, yule mwenye beji akiwafuata nyuma na kitabu cha kuandikia majina. Cheryl akauliza kwa Kiingereza huyo mwanaume anataka nini. Emérance akamwambia anataka mke, ila mdomo wake haujafundwa.

Walifika mlangoni. Alimshusha bibi polepole, akamshika kiuno mpaka miguu ikatulia. Cheryl akaweka kiganja kwenye mbao za mlango mkubwa. Emérance akachukua simu. Uso ulijaa jasho, na ulikuwa bado umekunjwa.

"Moïse, kaa chini. Nikirudi tutagombana mpaka tuchoke, usidhani imekwisha."

Moïse akakaa.

"Haya, tonton," Emérance alisema. "Niulize tena."