Mkono wa Pembeni

Sokoni Mwanjelwa, Mbeya, Damari alimgonga kijana wa watu mpaka maparachichi yakatawanyika chini.

"Dada, na urefu wangu huu hujaniona?"

"Samahani kaka, sijui umetokea wapi."

"Tukuyu. Naitwa Anyitike. Mimi hilo gauni lako la njano nimeliona toka kule kwenye mchele."

Damari akacheka. Wakapeana namba hapohapo.

Akarudi kwao Iringa kwenye ushonaji wake, kila jioni simu, mapenzi moto. Kichwa kilikuwa kinamuuma, akasingizia cherehani. Siku moja Anyitike akapiga, sauti imebadilika.

"Nimekuja Iringa kukusapraizi. Nimekupungia mkono stendi mbele za watu, ukanipita kama nguzo ya umeme."

"Mimi sijakuona."

"Nilikuwa pembeni yako kabisa, Damari. Sema tu umepata Mhehe mwenzio."

"Kama umenichoka sema, usinitungie hadithi."

Simu ikakatwa. Haikupigwa tena.

Kichwa kikazidi, akaanza kujigonga kwenye milango. Mama yake akampeleka hospitali. Daktari akamwambia amtazame puani, halafu akainua kidole pembeni.

"Unakiona?"

"Kipi?"

Hapo akakumbuka stendi. Kumbe Anyitike alikuwepo.

Vipimo vikaonyesha uvimbe mkubwa chini ya ubongo, umekandamiza mishipa ya macho. Ungetolewa kupitia puani, hospitali kubwa ya Mbeya. Daktari hakumficha: anaweza kuona vizuri tena, anaweza kubaki hivyo, anaweza asione kabisa.

Akampigia Anyitike.

"Anyi, ni macho. Ulikuwa pale kweli, sikukuona. Nakuja kupasuliwa huko Mbeya, naogopa nitaamka gizani."

Anyitike akajibu taratibu, "Unaletwa lini, mpenzi? Utanikuta getini."

Asubuhi ya upasuaji Anyitike alimshika vidole.

"Nisipoona je?"

"Nitakusimulia kila kitu. Mimi nitakuwa mzuri sana kwenye hizo hadithi."

"Nenda huko," Damari akasema. Kitanda kikasukumwa, mlango ukafungwa.

Alipozinduka, pua imejazwa pamba, anapumulia mdomo. Akayabana macho, anaogopa kuyafungua. Mwisho akafungua. Dari. Taa. Akakaza macho palepale juu, pembeni hathubutu kupatazama.

Kushoto kitu kikasogea. Kirefu, kinapepea.

"Anyitike," akasema bila kugeuza shingo, machozi yanamshuka. "Shusha mkono. Watu wanakuangalia."

Hakuushusha.